Mrejesho: ule mlio wa "vuuu" kwenye gari

Wakuu, niliuliza kuhusu mlio wa kuvuma unaoanza nikifika kama 60 na kupanda kadiri spidi inavyoongezeka. Wengi mlisema tairi, wengine gia boksi. Kumbe ni beringi (kile kifaa kinachofanya tairi lizunguke kwa ulaini) ya tairi la mbele kushoto.

Aliyeniambia nitoe gia (niweke nyutro) nikiwa kwenye mwendo, Mungu akubariki. Mlio haukubadilika hata kidogo, injini ikaondoka kwenye orodha. Halafu barabarani kukiwa kweupe nikawa napinda kidogo kidogo: nikielekea kulia unazidi, nikielekea kushoto unapungua. Ukipinda kulia uzito mwingi unaegemea upande wa kushoto, ndiyo maana. Tairi nazo nilizibadilisha, za mbele nyuma na za nyuma mbele, mlio haukuhama.

Gereji, fundi wa kwanza alitaka kuuza shokapu mbili kabla hata hajapiga jeki. Nikaaga. Wa pili alinyanyua gari, akashika springi kwa mkono mmoja huku akizungusha tairi kwa mwingine, akaniambia nami nishike. Unasikia mkwaruzo vidoleni kabisa, kama unasaga mchanga. Upande wa kulia, kimya.

Beringi imetolewa kwa presi (mashine ya kukandamiza), siyo nyundo (hilo nilisimamia mwenyewe), na mpya imeingia. Sasa hata kwenye 100 redio inasikika vizuri.

Imebaki "ko ko ko" kwenye matuta. Fundi anasema bushi za stabilaiza (raba za kile chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona), tutaziona mwisho wa mwezi.