Mzee katoka malengelenge baada ya tiba ya mwanga, naombeni ushauri

Binti_Kizota: Shikamooni wakubwa. Baba yangu wa Kongwa, miaka 71, ana soriasisi (ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba) ya siku nyingi. Alianza tiba ya mwanga wa UVB (aina ya mionzi ya urujuanimno) hospitali moja, mara tatu kwa wiki, na magamba yakapungua kweli. Mwezi wa pili akaanza kuwashwa usiku, yakafuata malengelenge makubwa kama zabibu, magumu ukiyagusa, mpaka kwapani. Asubuhi shuka limemganda mgongoni. Kule wakasema "kaungua kidogo, atazoea". Majirani wanasema mkanda wa jeshi, shangazi anataka mganga.

Mzee_wa_Manyoni: Mkanda wa jeshi hushika upande mmoja, mwanangu. Huo sio.

Nesi_mstaafu: Pole mdogo wangu. Nimekaa kliniki ya ngozi miaka mingi. Kuungua na mwanga huonekana ndani ya siku moja au mbili, pale pale ulipopiga, kisha kunapoa. Haya yanayozidi kuchomoza mpaka kwapani, kwa umri wake, yananipa wasiwasi wa pemfigoidi: kinga ya mwili inashambulia kile kinachogandisha ngozi ya juu kwenye ya chini. Ni nadra mwanga kuichochea, ila kwa wenye soriasisi imeshaonekana. Haiambukizi. Asirudi kwenye mwanga mpaka daktari wa ngozi amwone, na msiyatumbue. Atakatwa vinyama viwili vya ngozi vya kwenda kupimwa. Kile cha kupima kingamwili hakitakiwi kuwekwa kwenye formalini, ile dawa ya kuhifadhia vinyama. Kumbusheni, huwa panakosewa hapo. Ikishindikana Dodoma, ombeni rufaa hospitali ya KCMC, Moshi.

Binti_Kizota: Anameza Lasix (ya kupunguza maji mwilini) na dawa ya sukari pia.

Nesi_mstaafu: Beba pakiti zote. Lasix, na zile za sukari zinazoishia na "gliptini", nazo hutajwa kama vichochezi. Ila asiache mwenyewe.

Mzee_wa_Manyoni: Kaka yangu aliugua hiyo. Alipakwa klobetasoli, dawa kali ya steroidi ya kupaka, mwili mzima, akapona taratibu. Mkipewa prednisoloni, yaani vidonge vya steroidi, pimeni sukari mara kwa mara, na isikatishwe ghafla: soriasisi inaweza kurudi kwa hasira.

Binti_Kizota: Asanteni sana. Mwanga tumesimamisha, Jumatatu tunaonana na daktari wa ngozi. Shangazi naye yumo safarini, anataka kumsikia kwa masikio yake.