Naomba ushauri: karatasi gani ya picha itadumu Lamu?

Mwana wa Mkomani: Assalamu alaikum wanajamvi. Nataka kuchapa nyumbani picha sita za harusi ya dadangu, saizi ya A4, nizitie fremu. Unyevu wa mji wetu mwaujua. Za awali zilinata kwenye kioo, nyingine zikaota madoa. Ninunue karatasi gani? Mama azitaka ukutani kabla ya Idi.

Fundi Fremu: Waalaikum salaam. Kunata hakutokani na karatasi pekee. Picha ikigusana na kioo, unyevu hunaswa katikati, utando wa juu ukalainika na kugandama. Chukua kadibodi isiyo na asidi, unene milimita 1.5 au 2, ikate dirisha, ikae kati ya picha na kioo. Picha ishike kwa juu tu, vipande viwili vya tepu ya karatasi, ipate kutanuka na kunywea bila kujikunja.

Binti Shela: Picha zenyewe watoa wapi? Zikiwa zimepitia WhatsApp, zimeshabanwa. A4 safi yataka pikseli 2480 kwa 3508. Mpiga picha akutumie faili asili.

Mzee wa Langoni: Mwanangu, na bi harusi mwenyewe ameridhia kila mgeni amtazame?

Mwana wa Mkomani: Ameridhia, ami.

Kipimo: Hujasema wachapa kwa printa gani.

Mwana wa Mkomani: Printa nzuri tu, ya ofisini. Na karatasi nishanunua, glosi, ile ing'aayo, ya gramu 230.

Kipimo: Ya wino au ya tona, ule unga wa rangi?

Mwana wa Mkomani: Ya tona, laza. Lakini rangi zake kali, na pesa ya karatasi nishatoa.

Kipimo: Usiitie kabisa! Soma pakiti, ikiwa ni ya printa ya wino, isiingie kwenye laza. Laza hugandisha tona kwa rola ya moto, karibu nyuzi 200. Ule utando wa glosi huyeyuka, ukajizonga kwenye rola, na printa ikafa. Tena laza nyingi za ofisini hazimezi uzito huo.

Msomaji Makini: Hapa pana uongo. Glosi haitoki salama kwenye laza, sasa hizo zilizonata kwenye kioo zilitoka wapi? Uzi wa kutunga huu.

Mwana wa Mkomani: Wallahi si wa kutunga. Zile zilichapwa studio Malindi. Hizi ndizo nataka kuchapa mwenyewe.

Kipimo: Basi yaingia akilini. Pakiti usiitupe, azima printa ya wino. Gusa pembe ya karatasi kwa kidole chenye umajimaji: upande unaonata ndio wa kuchapia. Kwenye mipangilio chagua karatasi ya picha ya glosi. Ukiacha ya kawaida, wino hutuama na rangi kupotea. Zikitoka, zianike kivulini saa 24, zisipandane. Ukizifungia mbichi, mvuke wa wino hutia kioo ukungu. Siku nyingine nunua mati, karatasi isiyong'aa, uchape kwa wino wa pigmenti, wenye chembe za rangi. Huo hustahimili mwanga na unyevu kuliko wino wa kawaida.

Mwana wa Mkomani: Nimeelewa. Ila misumari nishapiga, ukuta unaoelekea dirisha la mashariki. Hapo ndipo pazuri.

Fundi Fremu: Jua la asubuhi litazipausha, hata ukiweka kioo. Hamisha. Na ukuta wa mawe ya matumbawe hupumua unyevu, kwa hivyo gundisha vipande vya mpira vya milimita 5 nyuma ya pembe za chini, hewa ipite. Madoa yale yalianzia nyuma.