Bia ya wamonaki kwa makopo sita ya Nairobi: nani anatangulia kutuma?

MangiWaKiborloni, Moshi
Wakuu, habari za jioni. Nisaidieni kabla sijagombana na mtu mwenye heshima zake.

Mgeni wangu mmoja Mbelgiji niliyempandisha mlima Februari aliniachia chupa ya Westvleteren 12. Kwa wasioijua, ni bia ya wamonaki wa abasia ya Sint-Sixtus kule kwao. Chupa yenyewe kadogo, sentilita 33, kizibo cha njano, lakini kilevi ni asilimia 10.2. Wanaiuza kwa oda, kiasi maalumu kwa mtu, na mnunuzi anakubali kwamba hataiuza tena. Yangu iko kabatini nyuma ya ndoo ya unga, gizani, imesimama wima. Mke wangu anadhani ni dawa ya mifugo.

Sasa jamaa wa Arusha kaiona kwenye picha. Anataka anipe makopo sita ya bia aina ya IPA ya kiwanda kidogo cha Nairobi, yalipitia Namanga. Masharti yake: nitangulize yangu kwenye Coaster, ikifika salama ndipo naye apakie. Nilipomuuliza makopo yametengenezwa lini, kanijibu: "Mkuu, sita kwa moja na bado una maswali?" Shemeji yangu naye anasema nimdai na hela juu.

Kuuliza tarehe ni ukorofi? Na nani anaanza?

KauntaNjiro
Mangi, idadi isikutishe. Nimekaa kaunta miaka mingi na bia za namna hii watalii wananiachia, kwa hiyo ngoja niseme.

IPA inabebwa na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, na harufu hiyo ndiyo ya kwanza kukimbia. Miezi michache kwenye joto, hasa kopo likiwa limekaa stoo yenye paa la bati, unabaki na uchungu mtupu na kautamu ka ajabu. Russian River wa California waliandika kwenye lebo ya Pliny the Elder yao kwamba isiwekwe akiba, inywewe ingali mpya. Yako wewe ni kinyume: nyeusi, nzito, chachu imo ndani ya chupa, inakaa miaka na inazidi kutulia. Yaani wewe unaweza kusubiri, yeye hawezi. Tarehe uliza, na umwambie apige picha kitako cha kopo.

Kutangulia: kwa Wamarekani, ambao mchezo huu wa kubadilishana bia wanao siku nyingi, asiyejulikana ndiye hutuma kwanza. Mkiwa sawa mnatuma siku moja, kila mtu anarusha picha ya risiti ya mzigo. Huyo jamaa ana nani wa kumsemea?

Hela sahau. Bia kwa bia. Ukishapokea noti tayari umeuza, na wamonaki walishakataza. Nauli ya mzigo kila mtu ajilipie.

Halafu kuna nyongeza. Hii haidaiwi wala haiahidiwi, unaitumbukiza tu kwenye boksi: chupa ya Raha, ile pombe ya ndizi ya hapa Arusha, au chochote ambacho mwenzako hakipati kwake. Mimi mtu nampima hapo.

BintiUru
Kaka zangu, nimeona ndugu wakigombania kihamba, shamba la ukoo, kwa maneno machache kuliko haya.

Mbege haina huu usumbufu kwa sababu haisubiri mtu. Ndizi mbivu, ulezi, msesewe wa kutia uchungu, na ikishakuwa tayari ni leo na kesho, baada ya hapo ni siki. Na kwetu mwenye pombe anaonja kwanza mbele ya watu, ndipo kata inazunguka. Kutaneni basi. Coaster za nini, kwa mwendo wa Moshi na Arusha?

Mtu_wa_Sakina
Mimi ndiye huyo jamaa. Sikukataa kusema tarehe, nilikuwa barabarani. Kopo linasoma Novemba.

KauntaNjiro
Novemba, na hii ni Juni! Yalikuwa kwenye friji?

Mtu_wa_Sakina
Stoo. Lakini kuna kivuli.

BintiUru
😂😂😂

KauntaNjiro
Sakina, kaka, usikasirike. Hayo kunywa na majirani wikiendi hii, bado yanapoza koo. Ila usiyaweke mezani kwa chupa ya Mangi. Huna stauti, zile bia nyeusi nzito?

Mtu_wa_Sakina
Ninazo stauti mbili nilizoletewa kutoka Nairobi, asilimia 9, zilikaa kwenye friji. Nilikuwa nazificha, kusema kweli.

MangiWaKiborloni, Moshi
Hapo sasa tunaongea. Stauti mbili kwa moja, shemeji nimeshamnyamazisha. Jumamosi saa nane njia panda ya KIA, wewe unashuka kutoka juu huko, mimi nakuja na Coaster maana siendeshi siku hiyo. Yangu tunaifungua palepale, tugawane, nani anajua nyingine itakuja lini. Usiipoze sana ukipata barafu, hii inataka ubaridi wa kawaida tu. Stauti moja tunaimalizia na nyama, ya pili narudi nayo Kiborloni.

Mtu_wa_Sakina
Sawa. Glasi nabeba mimi, za pale siziamini.

BintiUru
Na nyongeza?

MangiWaKiborloni, Moshi
Lita tano za mbege ya mama, ikitoka Ijumaa jioni. Akichelewa saa nane atakunywa siki.