Jina lililopigwa kwenye wembe wa kukunja wa zamani ni la nani hasa?

Mwanapembe anauliza:

Ndugu zangu, nina nyembe tatu za kukunja za zamani ambazo zimenitatiza, nami naomba msaada wa wanaozifahamu. Wa kwanza ni mzito, umechongwa umbo la kabari, na shingoni, pale bapa linapokutana na mpini, umepigwa chapa ya Joseph Rodgers & Sons yenye nyota na msalaba, pamoja na maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba hao ni wafua visu wa Malkia. Wa pili una jina la Wade & Butcher na la mji wa Sheffield. Wa tatu ni mwepesi, na bapa lake limekombwa pande zote mbili hadi likawa jembamba sana. Upande mmoja wa shingo una jina la kampuni ya Marekani iliyokuwa ikiuza vifaa vya chuma kwa jumla, na upande wa pili una neno moja tu, Germany. Sitafuti thamani yake. Ninachotaka kujua ni nani aliyezitengeneza, na kama jina la shingoni ni ushahidi wa kutosha.

Kengee anajibu:

Ndugu Mwanapembe, wembe wako wa kwanza ndio rahisi zaidi. Nyota na msalaba ni alama ya Joseph Rodgers wa Sheffield, mji wa visu wa Uingereza, tangu karne ya 18, na katika mji huo alama haikuwa pambo la kujichagulia, kwa sababu Chama cha Wafua Visu cha Hallamshire (eneo la Sheffield), kilichoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1624, ndicho kilichogawa alama na kusimamia matumizi yake. Maneno kuhusu Malkia yanakusaidia hata zaidi. Kampuni hiyo ilipewa heshima ya kuhudumia ufalme mwaka 1822, wakati wa Mfalme George IV, na malkia aliyefuata kutawala alikuwa Victoria, aliyetawala kuanzia 1837 hadi 1901. Kwa hiyo wembe unaomtaja Malkia ni wa kipindi hicho, na umbo la kabari linanielekeza kwenye sehemu yake ya mwanzo kuliko ya mwisho. Ungekuwa unamtaja Mfalme, tungekuwa na kazi kubwa zaidi, kwa kuwa ungeweza kuwa wa kabla ya 1837 au wa baada ya 1901.

Kuhusu Wade & Butcher, usimtafute fundi aliyeitwa Wade katika karakana za Sheffield. Watengenezaji walikuwa ndugu wawili, William na Samuel Butcher, ilhali Robert Wade alikuwa mwakilishi wao mjini New York. Jina lenyewe linaonyesha bidhaa ilielekezwa wapi: soko la Marekani lilikuwa uhai wa Sheffield katika karne ya 19. Ndiyo maana nyembe nyingi za Butcher huonekana zaidi ng’ambo ya Atlantiki kuliko Uingereza kwenyewe.

Fundi Noo anajibu:

Nakubaliana na Kengee, lakini swali la “nani aliyetengeneza” lina mtego ambao naona tumeuruka. Hata pale jina la kampuni ni la kweli, mara nyingi wembe haukupitia mikono ya watu wa nyumba moja. Sheffield ilikuwa na mafundi wadogo wa kujitegemea: mmoja akifua, mwingine akikodi nafasi kwenye gurudumu la kunolea, wa tatu akifunga mpini, na mwenye jina akikusanya kazi za wote na kuzipiga chapa yake. Solingen, mji wa Ujerumani uliokuja kuipiku Sheffield katika biashara hii, ulifanya kazi kwa mtindo unaofanana na huo, na wanoaji wake walikuwa na vibanda vyao vya magurudumu ya maji kando ya mto Wupper. Hata chuma hakikuwa lazima kitoke mahali panapotajwa. Feleji bora ya Sheffield, yaani chuma kigumu cha kufulia visu, ilitokana kwa kiasi kikubwa na chuma cha Sweden, hasa cha migodi ya Dannemora, ambacho kiliyeyushwa katika vyungu kwa njia aliyoibuni Benjamin Huntsman katika miaka ya 1740.

Ndipo tunafika kwenye wembe wako wa tatu. Kampuni za jumla za Marekani, na hata wauzaji wa vifaa vya vinyozi, waliagiza nyembe Solingen zikiwa tayari zimepigwa jina la mnunuzi. Karakana moja iliweza kuhudumia majina mengi, na jina moja liliweza kuhama kutoka karakana moja hadi nyingine bila mteja kujua. Kwa hiyo jina ulilo nalo ni la muuzaji. Neno Germany nalo linatokana na sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890, inayojulikana kwa jina la McKinley, ambayo ilitaka bidhaa zinazoingizwa kuanzia 1891 zionyeshe nchi zilikotoka. Wembe wako ni wa baada ya hapo, na wembe usio na jina la nchi ni wa kabla ya hapo.

Kengee anajibu:

Fundi Noo, sentensi yako ya mwisho siwezi kuiacha ipite. Sheria ile iliihusu bidhaa iliyoingia Marekani peke yake. Wembe wa Solingen uliouzwa Ujerumani kwenyewe, au wa Sheffield uliouzwa Uingereza, haukulazimika kutaja nchi, hata kama ulitengenezwa mwaka 1920. Jina la nchi linaweza kutupa mwanzo wa kipindi. Kukosekana kwake hakutupi mwisho. Tena, Uingereza ilitunga sheria yake ya alama za bidhaa mwaka 1887, kwa sehemu kubwa kutokana na malalamiko kwamba visu vya Ujerumani vilikuwa vikiuzwa kwa jina la Sheffield. Maana yake ni kwamba kabla ya hapo hata jina la mji linahitaji kuangaliwa kwa jicho kali. Jina la Solingen lenyewe lilipata ulinzi wa sheria nchini Ujerumani mwaka 1938.

Vilevile tusichanganye umri wa alama na umri wa wembe. Mapacha, alama ya kampuni ya visu ya Henckels, waliandikishwa Solingen mwaka 1731, lakini nyembe zenye mapacha hao ziliendelea kutengenezwa hadi karne ya 20.

Mwanapembe anaandika:

Nawashukuru sana. Nimeongeza mwanga nikaona kwamba bapa la wembe wa Butcher lina maneno Silver Steel, yaani feleji ya fedha. Je, kuna fedha ndani yake? Na wembe wa Marekani una mpini mweupe wenye mistari inayofanana na ya pembe ya ndovu. Je, mpini unaweza kusaidia kukisia umri?

Fundi Noo anajibu:

Kengee amenisahihisha kwa haki kuhusu nchi. Kuhusu fedha, James Stodart, aliyekuwa mfua visu, na mwanasayansi Michael Faraday walichapisha majaribio ya kuchanganya feleji na madini mengine, fedha ikiwemo, mwaka 1820 na 1822. Baadaye maneno Silver Steel yakawa tangazo tu, na hayathibitishi kuwepo kwa fedha.

Mpini ni shahidi dhaifu, kwa kuwa ukivunjika hubadilishwa, na bapa la zamani likavikwa mpini mpya. Mistari iliyonyooka mno, inayorudiwa kwa nafasi zilezile, huashiria seluloidi, plastiki ya zamani, ambayo John Wesley Hyatt alipata hataza yake nchini Marekani mwaka 1870. Kama ndiyo, uutenge wembe huo na wenzake, kwa sababu seluloidi inapoanza kuoza hutoa mvuke wenye asidi unaokula chuma, na kutu yake hujitokeza kwanza pale bapa linapolala ndani ya mpini.