Batani ya kufunga mlango wa lifti: inafanya kazi au tunachezewa akili?

Wadau, leo nimepanda lifti ya gorofa moja Kariakoo, kuna jamaa kaibonyeza ile batani ya vimshale viwili vinavyotazamana mara kumi na moja, nilikuwa nahesabu, mlango umetulia tuli, ulipojisikia ukajifunga wenyewe na jamaa akatuangalia kama yeye ndo kaufunga. Batani imesuguliwa mpaka mchoro umefutika! Mi nasema kama haifanyi kazi ing'olewe, kumwacha mtu mzima anabonyeza ni kumdhalilisha.

— Mkuu usikimbilie kung'oa, mi fundi lifti. Mara nyingi waya upo ila imezimwa kwenye kontrola, au mpaka muda wa mlango kukaa wazi uishe ndo inasikia. Marekani sheria ya watu wenye ulemavu ya 1990 imefanya milango ikae wazi muda wa kutosha, mwenye magongo au kiti cha magurudumu awahi kuingia. Ila zimamoto akiweka ufunguo wake, batani hiyohiyo akiishikilia mlango unafunga. Sasa ng'oa halafu gorofa iwake moto.

— Hayo ya lifti sawa kaka, na za barabarani je? New York mwaka 2004 iliripotiwa kati ya batani 3,250 za kuvukia, zaidi ya 2,500 zilishakufa zamani, taa zinaendeshwa na kompyuta, batani zikaachwa tu kwenye nguzo maana kuzitoa nako ni hela. Watu wanabonyeza miaka na miaka. Huo si usanii?

— Afadhali wao wanasubiri taa. Hapa Dar taa nyekundu imewaka, trafiki anapungia magari yapite, ubonyeze usibonyeze unavuka kwa kudra za Mungu 😂

— Mi dada yenu nabonyeza na nitaendelea kubonyeza, roho inatulia, kwani napungukiwa nini?

Ndo hapo wanapotupatia dada yangu, mwanasaikolojia Ellen Langer aliliandikia hilo toka 1975, mtu anaona ana usemi kwenye kitu ambacho ni bahati tu. Fundi, ya zimamoto umenipiga bao, ya kung'oa naifuta. Ila karatasi ibandikwe pale: "YA FUNDI NA ZIMAMOTO TU". Kesho naenda na selotepu, mlinzi akinitimua ntawaambia.