Kocha wa besiboli ya watoto: atafute ushindi au awachezeshe wote?

Mleta mada:
Wakuu, kuna wanaosema kazi ya kocha wa watoto wa miaka 11 na 12 ni kushinda tu, na anayetaka kila mtoto acheze akafungue chekechea. Mimi napinga, na wala si kwa huruma.

Mwangalieni mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira. Little League, ligi ya watoto iliyoanzia Williamsport, Pennsylvania, mwaka 1939, tangu 2007 inahesabu mirusho. Kwa umri huo mwisho ni 85 kwa siku, na mtoto akifikisha 66 anapumzika siku nne. Akirusha 41 haruhusiwi kuhamia kudaka nyuma ya mpigaji siku hiyohiyo, maana mdakaji naye anamrudishia mrushaji mpira muda wote. Kiwiko cha mtoto bado kinakua. Akichoka utaona mwenyewe: kiwiko kinashuka, mpira unaanza kupaa juu ya mpigaji, mara anautikisa mkono kila akimaliza kurusha. Kocha mwenye macho hasubiri hesabu ifike 85.

Haya, amemtoa. Anamwingiza nani? Kama mazoezini alimnoa nyota mmoja na wengine kawaachia kuokota mipira, hana mtu. Ndipo unamsikia, "Mmalizie huyu mmoja tu." Kocha huyu anaweza kuwa mtu mwema kabisa, ila hakujiandaa. Warushaji wanne wa kawaida walioandaliwa wana faida kwangu kuliko hotuba yoyote ya nidhamu.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, kwenye mkono nakuunga. Ila kuna mtoto haji mazoezini, siku ya mechi anatokea na glavu mpya na mzazi anadai achezeshwe. Aliyejituma akae benchi? Hapo unawafundisha nini?

Mleta mada:
Asiyekuja mazoezini bila sababu asubiri, na sheria hiyo isomwe kwa wazazi kabla ya msimu, si kwenye mechi ya mwisho. Ninayemtetea ni yule anayekuja kila siku lakini bado hajui kupiga. Kocha hana sababu ya kumficha huyo upande wa kulia mwa uwanja wa nje, kule mipira haifiki sana.

Mchangiaji wa pili:
Mnajadili kana kwamba kila mtoto ana timu moja. Mimi namjua anayerusha timu mbili wiki moja. Kila kocha ana daftari lake la mirusho, yote mawili yako safi, na mkono ni uleule. Baba yake ndiye anayeona fahari kuliko wote.

Mleta mada:
Duh, hilo ndilo gumu. Nasema makocha wapigiane simu na anayekataa asipewe timu, ingawa najua wapo watakaosema hiyo ni kazi ya mzazi. Wewe ungembana nani?

Mchangiaji wa pili:
Mzazi. Makocha hao ni wapinzani, hawawezi kupeana hesabu za kweli wiki ya fainali.