Mrejesho: Jirani na nafasi ya gari ya baba

Mwezi jana niliwauliza nifanyeje na jirani yetu hapa Barani, Malindi, anayeegesha Probox yake pale nilipochora alama ya kiti cha magurudumu kwa ajili ya baba. Asanteni. Mlionambia rangi yangu haina nguvu mlisema kweli. Barabara ni ya umma, na mimi si kaunti. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa baba haki ya kuyafikia maeneo yote ipasavyo, lakini Katiba haisukumi Probox.

Mzee wa mtaa akatuita barazani, kahawa ikapita. Kumbe jirani alidhani baba hupanda tuktuk tu! Sasa anaegesha ng'ambo, chini ya mwarobaini. Ila Ijumaa, wageni wake wakija, bado twagombana.